Silaha, bunduki, risasi: neno lipi liandikwe wapi

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika kata ya Soitsambu, wilaya ya Ngorongoro, ametuletea swali ambalo halikuweza kujibiwa kwa mistari miwili kama tulivyozoea. Baba yake mdogo ni mfugaji, na amemwomba amwandikie barua ya kuomba ruhusa ya kuwa na bunduki. Mwalimu ameandika rasimu, na kabla ya kuipeleka kwa mtendaji wa kijiji ametaka kujua kama Kiswahili chake ni sahihi. Sentensi yenyewe, ambayo ameturuhusu kuinukuu, ni hii: “Naomba kibali cha risasi ya short gun kwa ajili ya kujihami, kuwinda chui anayenimalizia mbuzi na kutembea nayo kila siku.”

Kisarufi, sentensi hii haina dosari kubwa. Upatanisho wa kisarufi umezingatiwa, na vitenzi vimekaa mahali pake. Hata hivyo, afisa wa polisi atakayeisoma anaweza kuelewa kwamba mwombaji tayari ana bunduki na anatafuta risasi tu. Kwamba bunduki hiyo ni fupi, yaani ya kufichika. Kwamba anakusudia kuua mnyama anayelindwa na sheria. Na kwamba atazunguka nayo mnadani. Mzee hakukusudia hata moja kati ya hayo manne.

Tuanze na risasi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambamo huitaja ile metali nzito ya kijivu inayoyeyuka upesi. Katika Kiswahili limebeba maana zote mbili, metali na kitu kinachotoka mdomoni mwa bunduki, kwa sababu kwa karne nyingi kimoja kilitengenezwa kwa kingine. Silaha ni jina la jumla: mkuki ni silaha, upinde ni silaha, na hata rungu. Bunduki ni silaha ya moto inayorusha risasi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inaitwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na kiunganishi “na” katika jina hilo si pambo. Silaha ni jambo moja na risasi ni jingine; kila kimoja kina masharti yake. Anayeomba bunduki na aandike bunduki.

Neno bunduki lenyewe lina safari ya kufurahisha. Kiarabu kiliita kokwa fulani ya nchi za baridi bunduq, jina ambalo wanaisimu hulifuatilia hadi Kiyunani, kwa maana ya kokwa ya Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi. Kutoka kokwa likahamia kwenye vidonge vya udongo au risasi vilivyorushwa kwa upinde, kwa kuwa vilifanana na kokwa. Na silaha mpya ya baruti ilipokuja, jina likahamia huko. Lilipofika pwani yetu lilikuwa limekwisha kuwa chombo chenyewe, na kokwa ilikuwa imesahaulika.

Wazee wa pwani hawakutosheka na neno hilo moja. Walizitenganisha bunduki kwa namna zinavyowashwa, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 imetuhifadhia orodha hiyo. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi unaofuka. Bunduki ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe. Bunduki ya fataki ilipigwa nyundo juu ya kifuniko kidogo chenye baruti kali. Mwishowe ikaja bunduki ya viasi, isiyoshindiliwa tena kwa mdeki kutoka mdomoni bali kupakiwa kwa nyuma. Historia nzima ya teknolojia ya silaha za moto imo katika vivumishi vinne vya Kiswahili. Leo gumegume limebaki kuwa tusi la mwanamume asiyefaa, na fataki limekuwa la sherehe za mwaka mpya. Vijana wa Tanzania waliokuwa na redio mwaka 2008 au hapo karibu watakumbuka pia Fataki, mzee mtongozaji wa mabinti wadogo. Kinachoendelea kuishi katika taarifa za polisi ni gobore, bunduki ya kushindilia ambayo aghalabu huundwa na mafundi wa vijijini.

Ninalisikitikia neno kiasi (wingi viasi). Lilitaja risasi nzima kama inavyonunuliwa: ganda, baruti ndani yake na kichwa mbele, vyote vimepimwa tayari, ndiyo maana kikaitwa kiasi. Tulipoliacha, neno risasi likalazimika kutaja kitu kizima na pia kile kipande kinachoruka. Mkanganyiko huu una gharama. Mwandishi wa habari akiandika kwamba “zimeokotwa risasi tatu” mahali pa tukio, hatujui kama ni risasi ambazo hazijapigwa, vichwa vilivyochomolewa ukutani, au maganda matupu. Katika ushahidi, tofauti hiyo ni kubwa: maganda matatu yanasema kwamba bunduki imepigwa mara tatu, na risasi tatu nzima zinasema kwamba haijapigwa. Kwa hiyo tunapendekeza: risasi kwa kitu kizima, ganda la risasi kwa kilichobaki baada ya kufyatuliwa, na kichwa cha risasi kwa kinachoruka. Atakayeweza kufufua kiasi tutamshukuru.

Sasa “short gun”. Kosa hili limeenea katika magazeti yetu hata baadhi ya wasomaji huliona ndilo sahihi. Neno la Kiingereza linalokusudiwa ni shotgun, ambalo sehemu yake ya kwanza hutaja chembe ndogo ndogo za risasi. Halihusiani na ufupi. Kinyume chake, bunduki hiyo mara nyingi ni ndefu, na ikikatwa ikawa fupi huwa ni dalili mbaya. Kiswahili kilikuwa na jina lake kabla ya magazeti hayo: bunduki ya marisau (kamusi za zamani huandika marisaa). Marisau ni zile chembe. Zikifyatuliwa hutawanyika, na kwa sababu hiyo bunduki hii hufaa kwa kwale na kanga, na kwa umbali mfupi. Marisau makubwa hutumika kwa mnyama mkubwa zaidi. Atakaye kuswahilisha neno la kigeni aandike shotigani, asiandike ufupi usiokuwepo. Ikiwa ina mitutu miwili, wazee waliiita bunduki ya midomo miwili, jina ambalo sioni sababu ya kulibadilisha.

Ndugu yake ni raifoli, tahajia ninayoipendelea. Hii mtutu wake umechongwa ndani mifereji inayozunguka, ili kichwa cha risasi kitoke kikijizungusha na kwenda mbali bila kuyumba. Hurusha kichwa kimoja kwa mpigo, nacho huendelea kuwa hatari umbali mrefu baada ya kupita shabaha. Mfugaji anayeishi katika boma lenye nyumba nyingi na watoto wengi ana sababu ya kulitafakari hilo kabla ya jina la bunduki kuandikwa katika barua. Bastola ni ya mkono mmoja. Ama ile ambayo polisi huiita SMG, kwa mazoea ya Afrika Mashariki ni bunduki ya kivita ya jamii ya Kalashnikov, na raia hana la kuomba hapo.

Mwalimu ameuliza pia kuhusu safu ya “kipimo”. Wengine huita kipenyo, wengine kaliba. Yote yanaeleweka, nami nalipenda kaliba kwa sababu ya ukoo wake. Kiarabu kina qālib, chombo cha kumiminia metali ili ipate umbo. Kiswahili kililichukua moja kwa moja kuwa kalibu, na mababu walimimina risasi zao katika kalibu. Wataalamu wengi wa asili za maneno husema kwamba lugha za Ulaya nazo zililichukua neno hilo hilo na kulifanya jina la upana wa mtutu. Kisha Kiingereza kikaturudishia kwa umbo la kaliba. Kalibu na kaliba ni ndugu waliopotezana na kukutana tena ugenini. Watangazaji wa mpira wanaosema “mchezaji wa kaliba yake” hawajui kwamba wanampima kwa mtutu wa bunduki.

Kaliba huandikwa kwa milimita au kwa sehemu ya inchi. Bunduki ya .375, ambayo risasi yake ilitolewa na Holland & Holland mwaka 1912 na imehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa wawindaji wa Afrika Mashariki kuwa ya chini kabisa kwa nyati na tembo, ina upana wa milimita 9.5 hivi. Bastola ya kawaida ni ya milimita 9. Namba zinakaribiana, lakini kichwa cha ile ya kwanza huwa na uzito wa gramu 19 hivi na hurushwa kwa mwendo wa zaidi ya mara mbili ya kile cha bastola, chenye gramu 8. Namba ya upana peke yake, basi, haitoshi kuitambulisha risasi. Ni lazima jina lake kamili liandikwe kama lilivyo kwenye ganda na kwenye mtutu, na yote mawili yalingane. Hapa haifai kukisia.

Bunduki ya marisau hupimwa kwa geji, na hesabu yake ni ya kizamani kweli kweli. Chukua ratili moja ya risasi (metali), uigawe katika gololi 12 zilizo sawa. Mtutu unaopitisha gololi moja kati ya hizo ni geji 12, upana wa milimita 18.5 hivi. Ukigawa ratili hiyo mara 20 gololi huwa ndogo zaidi, na kwa hiyo geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12. Wanaodhani kwamba namba kubwa ni bunduki kubwa wamekosea mwelekeo.

Vitenzi ndivyo vilivyonipa wasiwasi zaidi. “Kujihami” ni sahihi na ni la heshima. Maana yake ni kuzuia dhara linalokujia. “Kujikinga” ni la ngao zaidi kuliko la mkuki. Kanuni ya Adhabu inaitambua haki ya mtu kujitetea yeye, mwingine au mali, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. “Kuwinda” ni jambo jingine kabisa. Kuwinda ni kumfuata mnyama aliko. Uwindaji una ruhusa yake chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na leseni ya kumiliki bunduki haimpi mtu ruhusa hiyo. Sheria hiyo hiyo inamtambua mtu aliyelazimika kumwua mnyama katika kulinda maisha au mali, na humtaka atoe taarifa. Kwa hiyo “kuwinda chui anayenimalizia mbuzi” na “kulinda mbuzi dhidi ya chui” zinaweza kuwa habari ya usiku ule ule, katika zizi lile lile. Lakini sentensi ya kwanza inamfanya mzee kuwa jangili kwa kalamu ya mwanawe. Soitsambu iko jirani na Serengeti, na maneno ya namna hiyo husomwa huko kwa makini kuliko Dar es Salaam.

“Kutembea nayo kila siku” nako kuondolewe. Kumiliki, kubeba na kutumia ni vitendo vitatu, na ruhusa ya kimoja haimaanishi vingine. Nadhani mzee alisema hivyo kwa mazoea ya Kimaasai, ambamo mwanamume hatoki bila fimbo, orinka mkononi na olalem kiunoni, yaani rungu na sime, na hakuna anayemshangaa. Vifaa hivyo ni sehemu ya vazi. Bunduki haijapata nafasi hiyo, na Kiswahili chenyewe kinaonyesha: sime ina ala, lakini kwa bastola bado tunasema “mkoba wa bastola”, ingawa ala ingefaa vile vile.

Limebaki “kibali”. Kwa matumizi ya kiofisi, leseni ni ruhusa yenye muda na masharti, nayo huhuishwa; kibali aghalabu ni cha tendo moja mahususi. Umiliki wa bunduki huombewa leseni.

Kuna jozi nyingine ambayo mwalimu hakuiuliza, lakini kwa kuwa yeye ndiye husoma matangazo katika mikutano ya kijiji, naiongeza. Serikali ilipotangaza msamaha wa Septemba na Oktoba 2022, iliwataka wenye silaha haramu kuzisalimisha kwa hiari. Kusalimisha ni kukabidhi kitu. Kujisalimisha ni kujitia mwenyewe mikononi mwa aliyekushinda au anayekutafuta. Silabi moja ya “ji” yatosha kumfanya mwenye gobore la babu yake alizike porini badala ya kulipeleka kituoni.

Rasimu yetu, basi, ndugu mwalimu, ni hii, na mzee aisikilize ikisomwa kabla ya kutia dole gumba: “Naomba leseni ya kumiliki bunduki moja ya marisau, ya midomo miwili, geji 12, kwa madhumuni ya kujihami na kulinda familia, boma na mifugo yangu dhidi ya wanyama wakali.” Aina na geji ziandikwe hivyo ikiwa ndizo anazozitaka, hilo ni la mzee kuamua baada ya kupata ushauri wa wanaozijua bunduki, nasi tunajua majina yake tu. Na jina la kata liandikwe Soitsambu, neno moja. Rasimu yako ina “Soit Sambu” kwa maneno mawili, jambo ambalo kwa Kimaa lina mantiki, maana osoit ni jiwe na sambu ni rangi ya mchanganyiko kama ya ng'ombe; lakini barua ya kiofisi ifuate jina la kiofisi.