Fukusi wa Viazi Vitamu: Namna ya Kumtambua na Kumwandika

Mkulima wa Kiogoro akikata kiazi kitamu na kukuta vijitundu vyeusi, tena chenye harufu kali, husema kwamba kimeoza. La, hakikuoza. Kimetobolewa na mabuu ya fukusi, na ule uchungu hutengenezwa na kiazi chenyewe ili kujikinga. Kiazi cha namna hiyo hakifai mtu wala mnyama.

Fukusi huyu ni mdudu mwembamba mwenye kiuno, hata mtu akimtazama upesi humdhania kuwa ni sisimizi. Lakini sisimizi hana pua ndefu kama mrija. Ukimgusa, hujifanya amekufa. Jamaa zake wadogo hula maua ya klova katika malisho ya Ulaya. Huyu wa kwetu amechagua viazi.

Wako wa aina zaidi ya moja, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Aliye mkubwa, mweusi mwili mzima, wataalamu humwita Cylas puncticollis. Mdogo wake, mwenye rangi ya kahawia isiyolingana mwilini, ni Cylas brunneus. Jike na dume hutambulikana kwa papasi: ncha ya papasi ya dume ni ndefu na nyembamba, ya jike ni fupi na nene kama rungu.

Msomaji aweza kuuliza, kuna faida gani kuwatenganisha, maadamu wote ni waharibifu? Faida ipo. Majike huwaita madume kwa harufu, na kila aina ina harufu yake. Mtego uliotiwa harufu isiyo yao waweza kukaa karibu mtupu, na huku shamba linaliwa.

Basi ukimpata, mtie katika chupa ndogo yenye spiriti, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa maana wino huyeyuka. Andika tarehe, jina la kijiji na la mto au kilima kilicho karibu (kuandika "Kisii" peke yake hakutoshi), na kama alitoka katika majani, shina au kiazi. Kisha mpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba.

Wakati ukingojea jibu, kumbuka kwamba fukusi hawezi kuchimba. Hukifikia kiazi kwa kupitia nyufa za udongo. Inulia matuta udongo kabla ya kiangazi kuupasua, wala usiache viazi vilivyokomaa vikae ardhini.