Damu Ndogo? Si Buchani Tu!

Shemeji yangu mjamzito, kliniki kaambiwa damu yake ndogo. Basi hapa Bariadi kila mtu kageuka daktari: "Mpe nyama!" Sawa, Usukumani ng'ombe wamejaa, lakini ni mahari na ni benki ya mzee, hawachinjwi ovyo. Buchani nako mfuko unalia.

Tuseme ukweli, nyama ni kiboko! Gramu 100 za steki iliyopikwa zina protini kama gramu 26, vitamini B12, na madini ya chuma ambayo mwili unayachukua kirahisi. Maharage yaliyopikwa yana gramu 9 hivi, na chuma chake huingia kwa kusuasua. Dawa yake? Kamulia ndimu, chai isubiri.

Ila dagaa wa Ziwa Victoria msiwadharau! Waliokauka, protini ni zaidi ya nusu ya uzito wao, na mifupa yake inakupa kalsiamu. Choroko zetu nazo, ukizila na ugali, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake.

Kwetu tumeamua: nyama mara mbili kwa wiki, siku nyingine dagaa na choroko. Vidonge vya kliniki je? Kila siku! Hivyo havina mbadala, jamani.