Tauni ya Lushoto (Sehemu ya Pili): Kiroboto Kabla ya Panya

Tauni iliingia Lushoto mwaka 1980, ikaanzia nyanda za juu za Shume, na kwa zaidi ya miaka ishirini haikuwapa watu nafasi ya kupumua. Kati ya 1980 na 2011 Tanzania ilihesabu wagonjwa 8,490 na vifo 675, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa wakazi wa milima hii ya Usambara. Msomaji akiona hesabu hiyo, jambo la kwanza linalomjia ni kuua panya. Wazo hilo likitangulizwa linaweza kuua watu. Tauni hushindwa pale mtu anapolala, na katika zahanati anayoweza kuifikia kwa miguu.

Tuanze na namna ugonjwa unavyosafiri. Vijidudu vya tauni vikiingia tumboni mwa kiroboto wa panya, huota utando unaoziba njia ya chakula. Kiroboto hunyonya asishibe. Damu hugonga kizibo na kurudi kwenye jeraha ikiwa imebeba vijidudu, naye kwa njaa huuma tena na tena. Panya akifa na mzoga kupoa, viroboto humhama na kutafuta damu ya moto iliyo jirani. Kwa hiyo anayetega sumu nyumbani kabla ya kupulizia dawa ya viroboto huwa amewaelekeza kwa watoto waliolala chini. Tena panya shamba huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mvua zikinyesha vizuri, pengo lililoachwa na sumu huzibwa upesi.

Yupo pia kiroboto wa binadamu, anayeishi kwenye vumbi la sakafu na matandiko. Utafiti wa Anne Laudisoit na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, uliona kwamba vijiji vya Usambara Magharibi vilivyosumbuliwa zaidi na tauni ndivyo vilivyokuwa na viroboto hao wengi zaidi majumbani. Mtu makini atapinga: huenda kiroboto huyo ni dalili tu ya umaskini, na nyumba ya udongo yenye mahindi darini ina panya wengi vilevile. Ni hoja ya haki, na utafiti huo peke yake hauimalizi. Lakini hata tukiikubali yote, mkono unabaki kuelekea palepale: sakafu ngumu, kitanda, matandiko yanayoanikwa juani, na mahindi yasiyohifadhiwa juu ya vichwa vya waliolala.

Kuhusu tiba, Lushoto imeupa ulimwengu elimu kubwa. Mwaka 2002 wagonjwa 65 walitibiwa katika jaribio lililolinganisha sindano za jentamisini na vidonge vya doksisiklini: kati ya 35 waliopewa sindano walipona asilimia 94, na kati ya 30 waliopewa vidonge, asilimia 97. Bila dawa, tauni ya mitoki huua hata nusu ya wagonjwa. Ile ya mapafu karibu haimwachi mtu. Kidonge cha bei ndogo kinamwokoa mgonjwa, ila lazima kimfikie mapema.

Hapo ndipo tofauti yetu na Ituri, mashariki mwa Kongo, inapouma. Vijidudu ni vilevile na dawa ni zilezile, lakini vita vilivyoanza huko mwaka 1999 viliwasukuma watu kulala wakisongamana, vikawaacha wagonjwa mbali na wauguzi na kuwazuia wapuliziaji dawa kuingia vijijini. Sisi tulikuwa na amani, na bado tuliugua miaka ishirini na zaidi; vita huzidisha tu kile ambacho umaskini umekwisha kukiandaa.

Wengine watauliza kwa nini tuyaseme haya wakati Lushoto imekuwa kimya tangu 2004. Oran, Algeria, ilikaa kimya zaidi ya miaka hamsini, tauni ikarudi mwaka 2003. Mbulu nayo ilipata wagonjwa kuanzia 2007. Katika ukimya wa namna hiyo, ishara ya kwanza mara nyingi huwa panya kufa ovyo shambani au nyumbani, na anayeiona ni mkulima. Kila kijiji cha Shume, Mlalo na Mtae kinapaswa kuwa na mtu anayejulikana wa kupokea taarifa hiyo, mwenye njia ya kupeleka sampuli maabara, na mwenye dawa ya viroboto ghalani kabla sumu ya panya haijafunguliwa.