KUPANDA MKOROSHO NYUMBANI

Asili ya mkorosho ni Brazili, katika Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Siku hizi watu wengi wa Masasi na Newala hupata fedha zao kwa kuuza korosho.

Newala iko juu ya uwanda wa juu wa Makonde. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya mchanga wenye kina kirefu. Mvua inyeshapo, maji huzama upesi, na wakati wa kiangazi udongo wa juu hukauka kabisa. Je, mkorosho huishije?

Mbegu iotapo, hutoa mzizi mkuu uendao chini moja kwa moja kutafuta unyevu. Mzizi huo ukikatika wakati wa kuhamisha mche, mche hudhoofika au hufa. Kwa hiyo yafaa kupanda mbegu pale pale mti utakapokaa.

Tia korosho kavu zenye maganda katika ndoo ya maji. Zinazoelea zina chakula kidogo cha kulisha mche, ziache. Chagua zinazozama. Chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 60, kisha lijaze udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Mvua zikianza, panda mbegu tatu, kila moja kwa kina cha sentimita 5, upande wenye kovu la kikonyo ukiwa juu. Miche ikishika, bakiza ulio bora. Mingine usiing'oe, bali ikate, ili usisumbue mizizi ya jirani yake.

Kati ya mti na mti acha meta 12. Matawi yakisongana hukosa mwanga, na maua hayawi mengi. Ukiona unga mweupe juu ya maua na majani machanga, huo ni ubwiriunga, ugonjwa uletwao na kuvu. Maua yaliyoshikwa hukauka bila kuzaa. Wakulima huuzuia kwa kupuliza salfa.

Mkorosho huanza kuzaa katika mwaka wa tatu hivi. Watu hudhani bibo ndilo tunda. Kumbe ni kikonyo kilichovimba. Tunda halisi ni korosho iliyo chini yake. Usiipasue kwa meno, kwa maana ganda lina mafuta yanayounguza ngozi.

Kosa la siku ya kupanda huweza kujulikana baada ya miaka mitatu. Basi, panda kwa uangalifu.

Maswali
1. Kwa nini mbegu zinazoelea hazifai?
2. Kwa nini miche ya ziada hukatwa, wala haing'olewi?
3. Chora bibo na korosho yake. Onyesha tunda halisi.