Nafasi ya Mnato katika Usanifu wa Mabomba ya Mafuta Ghafi Yenye Nta: Mfano wa Bomba la Hoima hadi Tanga

Ikisiri

Makala hii inaeleza nafasi ya mnato wa vimiminika katika uhandisi kwa kutumia mfano wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba mnato si thamani moja ya kunukuliwa kutoka katika jedwali, bali ni hali inayotegemea halijoto, mwendo na historia ya kimiminika chenyewe. Kwa mafuta yenye nta nyingi, usanifu unaozingatia bomba likiwa katika mwendo pekee haujitoshelezi. Sharti uzingatie pia bomba linaposimama.

1.0 Utangulizi

Mafuta yaliyothibitishwa kuwapo katika bonde la Ziwa Albert nchini Uganda mwaka 2006 yana sifa moja iliyoathiri kwa kiasi kikubwa usanifu wa njia ya kuyafikisha baharini: yana nta nyingi. Yakipoa hadi takribani nyuzijoto 40 za selsiasi, huacha kumiminika na kuanza kuganda. Kwa maneno mengine, katika halijoto ya kawaida ya mchana huko Hoima, mafuta hayo yakiwekwa katika chombo hukaribia kuwa yabisi.

Bomba lililokusudiwa kuyasafirisha lina urefu wa kilometa 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Kati ya hizo, kilometa 296 zimo Uganda na 1,147 zimo Tanzania. Kipenyo chake ni inchi 24, na usanifu wake unaruhusu hadi mapipa 246,000 kwa siku. Ili mafuta yasigande, bomba limesanifiwa kuyadumisha katika halijoto isiyopungua nyuzijoto 50. Sehemu zinazofuata zinaeleza kwa nini halijoto hiyo inahitajika na jinsi uamuzi huo unavyotokana na mnato.

2.0 Dhana ya Mnato

Mnato ni ukinzani wa ndani ambao tabaka moja la kimiminika huutoa dhidi ya tabaka jirani linalopita kwa kasi tofauti. Isaac Newton aliuchambua ukinzani huu katika kitabu chake cha mwaka 1687, akichukulia kwamba huongezeka kwa uwiano sawa na tofauti ya kasi baina ya matabaka. Vimiminika vinavyofuata kanuni hiyo, kama maji, huitwa vya Kinewton. Mnato wake hautegemei kasi ya kusukwa, ila hutegemea sana halijoto: mnato wa maji ni takribani milipaskali-sekunde 1.0 katika nyuzijoto 20, na hushuka hadi takribani 0.35 katika nyuzijoto 80.

Utegemezi huu wa halijoto unajulikana hata nje ya maabara. Kopo la oili ya injini lenye alama ya 10W-40 lina namba mbili kwa sababu namba moja haitoshi: ya kwanza huhusu tabia ya oili injini ikiwa ya baridi, na ya pili huhusu tabia yake katika nyuzijoto 100. Rangi ya ukutani huonesha upande mwingine wa suala hili. Hutakiwa kuwa nyepesi chini ya brashi, kisha iwe nzito mara brashi inapoondoka, ili isichuruzike. Mnato wake hubadilika kwa kusukwa, hata kama halijoto haijabadilika. Mafuta ghafi yenye nta hukusanya tabia zote mbili: hubadilika kwa joto na hubadilika kwa kusukwa.

3.0 Mnato Bomba Likiwa katika Mwendo

Hesabu fupi inaweza kudhihirisha uzito wa suala hili. Ikichukuliwa kuwa kipenyo cha ndani ni mita 0.58, mapipa 246,000 kwa siku ni sawa na mwendo wa takribani mita 1.7 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mafuta yanayoingia Kabaale huchukua takribani siku kumi kufika Chongoleani. Siku kumi chini ya ardhi zinatosha kabisa kuyapoza. Kwa hiyo, kuyapasha moto mwanzoni mwa safari pekee si suluhisho.

Athari ya kupoa huonekana kupitia namba ya Reynolds, ambayo hulinganisha nguvu za mwendo na nguvu za mnato. Ikichukuliwa densiti ya kilogramu 860 kwa meta ya ujazo na mnato wa milipaskali-sekunde 20, namba hiyo ni takribani 42,000, na mtiririko ni wa msukosuko. Mnato ukipanda mara ishirini, namba hushuka hadi takribani 2,100, na mtiririko hugeuka kuwa wa matabaka. Katika hali hiyo hutumika kanuni iliyofikiwa na Hagen na Poiseuille, kila mmoja kwa njia yake, katika miaka ya 1839 hadi 1846: kanieneo linalohitajika kusukuma kiasi kilekile huongezeka sambamba na mnato. Mnato ukiongezeka maradufu, kanieneo nalo huongezeka maradufu.

Hivyo basi, bomba limezungushiwa tabaka la poliyurethani la kuhami joto, nyaya za umeme za kupasha joto zimepangwa kuambatana nalo, na vituo sita vya pampu vimewekwa katika usanifu: viwili Uganda na vinne Tanzania. Kila nyuzijoto inayodumishwa hulipiwa kwa nishati ya umeme kwa muda wote wa uhai wa mradi.

4.0 Mnato Bomba Linaposimama

Hatari kubwa zaidi haipo katika mwendo, bali katika kusimama. Pampu zikizimika na joto likipotea, fuwele za nta huungana na kufanya mtandao unaoyashika mafuta yaliyosalia. Kuanzia hapo mnato pekee hautoshi kueleza hali iliyopo, kwa kuwa jeli hiyo haisogei kabisa mpaka mkazo fulani wa mwanzo upatikane.

Tuseme mkazo huo ni paskali 50 na sehemu iliyoganda ina urefu wa kilometa 200. Kanieneo la kuianzisha hupatikana kwa kuzidisha mkazo kwa urefu mara nne, kisha kugawanya kwa kipenyo. Jibu ni takribani megapaskali 69. Mabomba ya chuma ya ukubwa huu kwa kawaida husanifiwa kwa kanieneo la megapaskali 10 hadi 15 hivi. Kwa mfano huu, bomba lingepasuka kabla mafuta hayajasogea. Ni kweli kwamba jeli hubanwa na kuvunjika hatua kwa hatua, hivyo hesabu hii ni ya kiwango cha juu. Hata hivyo, pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa.

Aidha, nguvu ya jeli hutegemea historia yake: halijoto iliyofikiwa kabla ya kupoa, kasi ya kupoa, na kama mafuta yalikuwa yakisukwa au yametulia. Sampuli mbili za mafuta yaleyale, katika halijoto ileile, zinaweza kutoa majibu tofauti. Kwa sababu hiyo, maabarani sampuli hupashwa moto kwanza mpaka nta yote iyeyuke, ndipo ipozwe kwa utaratibu unaofanana na ule wa bomba. Kipimo kisichotaja utaratibu huo hakiwezi kutumika kuamua muda ambao bomba linaweza kusimama kwa usalama.

5.0 Hitimisho

Mfano huu unaonesha kwamba mnato ndio uliohalalisha kihami joto, nyaya za umeme na idadi ya vituo vya pampu. Inapendekezwa kwamba nyaraka za usanifu wa mabomba ya aina hii zisitoe thamani moja ya mnato, bali zitoe mchoro wa mnato dhidi ya halijoto, mkazo wa kuanzisha jeli, na maelezo ya namna sampuli ilivyopozwa. Bila taarifa hizo tatu, mwendeshaji wa bomba hana msingi wa kujua ana saa au siku ngapi za kurejesha umeme kabla mafuta hayajaganda.