Homa ya Uzazi Si ya Kungojewa

Kisiwani kwetu Pemba, mwanamke akishajifungua hukaa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Desturi hii ni njema, kwani humpa mzazi mapumziko. Lakini siku hizo ndizo ambazo maradhi ya sepsisi huweza kumzukia, na kwa kuwa yu ndani, ni watu wachache wamwonao. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji maradhi haya ni nini na yajulikanaje.

Kondo la nyuma likishatoka, ndani ya tumbo la uzazi hubaki kidonda kibichi. Vijidudu vikiingia hapo, au katika mshono wa operesheni, mwili hupigana navyo. Sepsisi ni pale vita hivyo vinapouharibu mwili wenyewe: presha hushuka, figo na mapafu hushindwa kazi, na mzazi aweza kufa upesi.

Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari waliotoka kupasua maiti kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Mwezi wa Aprili walikufa wazazi kama 18 katika kila 100. Ilipofika Juni, walikufa kama 2. Basi mikono safi ndiyo kinga ya kwanza.

Dalili ni hizi: homa ya digrii 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, tumbo la chini kuuma, nifasi yenye harufu mbaya, moyo na pumzi kwenda mbio, mkojo kuwa haba, na maneno kuchanganyika. Wengine husema, "Hiyo ni homa ya maziwa," wakampa vidonge vya homa. Vidonge huteremsha joto, lakini haviui vijidudu. Homa hufichika na maradhi huendelea.

Tiba iko hospitali: Wete, Chake Chake, au Abdulla Mzee ya Mkoani. Yatakiwa antibayotiki za mshipa zianzwe ndani ya saa moja tangu ugonjwa kutambuliwa, pamoja na dripu, na kipande cha kondo kilichosalia kitolewe. Aliye mbali hupoteza muda njiani. Tusiuongeze kwa kumngoja mume arudi baharini atoe ruhusa.

Mwanafunzi hana dawa, bali ana macho na ulimi. Tukiwa likizo, na nyumbani mna mzazi, tumwulize hali yake kila siku, na tukiona dalili tutafute gari saa ile ile. Wahenga wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua.