Biashara ya Kuvuta Magari (3): Bima ya Mali Isiyo Yako

Sehemu mbili zilizopita za makala hizi zilimfikisha msomaji mahali ambapo ana kampuni iliyosajiliwa BRELA, ana namba ya mlipakodi, ana leseni ya biashara kwa mujibu wa Sheria Na. 25 ya mwaka 1972, na anaujua mlango wa LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Ilibaki bima, ambayo nilikusudia kuimaliza kwa aya chache. Habari za ajali zinazozaliwa na ajali nyingine zinaidai nafasi zaidi. Januari 2025, wilayani Handeni mkoani Tanga, lori liliwaparamia watu waliokuwa wamekusanyika kwenye ajali iliyotangulia. Agosti 10, 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ukaua zaidi ya 100. Misiba hiyo haifanani, ila yote miwili iliangukia katika muda ule ule: baada ya gari kupata ajali na kabla ya kuondolewa barabarani. Kila tunapomaliza kuzika tunajadili mwendokasi, uchovu wa dereva na ubovu wa breki. Ni nadra kuuliza ni nani anayekuja kuliondoa gari, kwa idhini ya nani, na akiliharibu au akimuumiza mtu atalipa kwa mfuko upi.

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha biashara hii. Leseni inamruhusu mtu kufanya kazi, lakini haimwezeshi kulipa anapokosea. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine wanaouawa au kuumizwa na gari lake, na hiyo ndiyo bima ndogo tunayoijua. Wengi wanaonunua gari la kuvuta magari, bredauni kama linavyoitwa mtaani, huikata bima hiyo, hubandika stika, wakaamini wamekamilika. Sivyo. Mikataba mingi ya bima ya magari ina kifungu kinachotenga mali iliyo chini ya uangalizi wa mwenye bima au inayobebwa naye. Mingine inaruhusu gari lililokatiwa bima kulivuta gari moja bovu kwa sharti kwamba kazi hiyo isifanywe kwa malipo, na hata hapo kampuni haiwajibiki kwa madhara yatakayolipata gari linalovutwa. Maana yake ni kwamba aliyeifanya kazi hii kuwa riziki yake ametolewa nje ya kinga na sharti moja, na kile anachokishika kutwa nzima kimetolewa na sharti la pili. Bima kubwa nayo, kama haikuandikwa kwa ajili ya kazi hii, italilinda bredauni lake tu. Gari la mteja linaning'inia kwenye ndoano bila mlinzi.

Wala hatari yenyewe si ya kufikirika. Magari mengi tunayoyaagiza kutoka Japani yana gia za otomatiki, na pampu ya kulainisha gia hizo huzunguka pale injini inapofanya kazi. Ukilivuta gari la namna hiyo mwendo mrefu huku magurudumu yanayosukuma yanagusa lami, gia zinasagana zikiwa kavu. Kwa macho gari linafika salama, na uharibifu unajulikana siku linapowashwa. Mwenye gari atarudi kudai, mvutaji atakana, na wote wawili watakuwa wanasema wanachokiamini. Bila mkataba wa bima unaotambua hatari hiyo, ugomvi unaishia kwa mwenye sauti kubwa au mwenye uvumilivu wa kwenda mahakamani.

Ambalo wengi hawalijui ni kwamba swali la mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine ni miongoni mwa maswali ya kale kabisa ambayo binadamu ameyatungia sheria, na ni haki lielezwe kwa kirefu. Sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, zilishalishughulikia. Kifungu cha 237 kinamtaka mwendesha chombo aliyezamisha chombo na shehena yake kwa uzembe alipe vyote. Cha 238 kinasema akikizamisha chombo kisha akakiopoa, alipe nusu ya thamani yake. Yaani hata kukiokoa ulichokizamisha hakukuondolei deni lote. Cha 125 ni kizuri zaidi: mtu akiweka mali yake kwa mwingine, ikaibwa pamoja na mali ya mwenye nyumba kwa sababu mwenye nyumba alizembea, basi mwenye nyumba alipe kwanza, kisha yeye ndiye amsake mwizi. Takriban miaka 3,700 iliyopita ilikuwa imekwisha kueleweka kwamba mwenye mali hapaswi kusubiri uchunguzi ukamilike ndipo apate haki yake.

Wanazuoni wa Kiislamu walilichambua jambo hili kwa makini ambayo watunga sera wetu wangefaidika nayo. Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliona kwamba fundi anayepokea kazi za watu wengi, kama mshonaji au mtia rangi nguo, hawajibiki kwa kitu kilichopotea mikononi mwake bila ya tendo lake; kwake kitu hicho ni amana. Wanafunzi wake wawili wakuu, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, hawakukubaliana naye. Wao walisema fundi huyo analipa, isipokuwa kama sababu ilikuwa ya namna isiyozuilika, mfano moto mkubwa. Mawazo yao yana mashiko kwa biashara tunayoizungumzia. Anayemtunzia jirani mkufu wake kwa hisani ni mtu wa aina moja. Anayefungua mlango kwa umma, akapokea mali za wasiomjua na kutoza malipo, ni wa aina nyingine, na watu watamwamini kwa kadiri ya uwezo wake wa kulipa.

Waingereza walilifikia kwa njia ya mapipa. Mwaka 1703 Jaji Mkuu John Holt alisikiliza shauri la Coggs dhidi ya Bernard. Bernard alijitolea kuhamisha mapipa ya brandi ya Coggs kutoka ghala moja la London kwenda jingine. Hakulipwa chochote, na wala kubeba mizigo haikuwa kazi yake. Pipa moja likapasuka kwa uzembe wake, kinywaji kikamwagika. Utetezi kwamba hakulipwa haukumsaidia: ukishakubali kukishika kitu cha mtu na ukaanza kazi, unawajibika kwa uzembe wako. Holt aliyagawa makabidhiano ya mali katika mafungu sita, akichota kutoka sheria ya Kirumi. Mwaka 1781 William Jones akaandika kitabu kizima juu ya somo hilo, na miaka miwili baadaye akafika Calcutta kuwa jaji. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 iliyaacha mafungu sita ya Holt ikaweka kipimo kimoja kwa wote: aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida ambavyo angetunza mali yake mwenyewe katika mazingira kama hayo. Sheria hiyo ilivuka bahari ikatumika Tanganyika chini ya Waingereza, na mwaka 1961 tukatunga ya kwetu tukikihifadhi kipimo hicho. Ndiyo Sheria ya Mikataba ya leo, Sura ya 345. Kwa hiyo mvutaji wa magari wa Kibaha au Mikumi tayari anabanwa na wajibu huu, awe anaujua au haujui. Kilichokosekana ni fedha nyuma ya wajibu.

Bredauni la kwanza linatajwa kuwa lilitengenezwa mwaka 1916 na Ernest Holmes wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, baada ya kutumia saa nyingi na watu kadhaa kulitoa gari la Ford mtoni kwa kamba na magogo. Alifunga nguzo tatu, kapi na mnyororo juu ya Cadillac kuukuu. Tangu hapo mtu mmoja mwenye winchi aliweza kuinua kitu chenye thamani kubwa kuliko mali zake zote. Nguvu ilitangulia, na dhamana ilibidi ifuate. Marekani iliifuata kwa bima ya gari lililo kwenye ndoano na bima ya magari yaliyohifadhiwa yadi, ambazo kampuni za kuvuta magari huzinunua kama bidhaa mbili tofauti. Sisi tumeichukua winchi tukaiacha dhamana.

Nikitaka bima hii iwe ya lazima, nitaambiwa gharama zitapanda na wenye gari moja watafunga biashara. Kweli bei itapanda kidogo, lakini hata sasa hasara inalipwa. Tofauti ni kwamba analipa mwenye gari peke yake, siku ambayo tayari amepoteza mengi. Wengine watasema mwenye gari ana bima yake. Wengi wana bima ndogo tu, isiyogharamia gari lao. Mwenye bima kubwa atalipwa na kampuni yake, kisha kampuni hiyo itavaa viatu vyake na kumdai mvutaji, kwa hiyo mvutaji hajapona. Hoja ya tatu ni ile risiti iliyoandikwa kwamba gari linavutwa kwa hasara ya mwenyewe. Maandishi hayo yana uzito pale wawili wanapokubaliana kwa hiari. Katika ajali, mara nyingi anayeita bredauni ni askari, na mwenye gari yuko hospitali. Sheria za bahari zinalijua tatizo hili: Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa mwaka 1989 unaruhusu makubaliano yaliyofanyika chini ya shinikizo la hatari, yenye masharti yasiyo ya haki, yafutwe au yabadilishwe. Aliyelala kitandani katika hospitali ya Tumbi anastahili ulinzi huo sawasawa na nahodha.

Vibali vilivyobaki nitavitaja kwa haraka. Mwajiri ajisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana utingo anayefunga mnyororo kando ya barabara kuu yuko hatarini kuliko yeyote. Sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, na winchi na minyororo vikaguliwe kama vifaa vya kunyanyulia. Dereva awe na daraja la leseni linalolingana na uzito wa gari. Kwa wanaovuta malori, Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Ukiinua pua ya lori, uzito wake unahamia kwenye ekseli ya nyuma ya gari lako.

LATRA na TIRA, msimamizi wa bima, zikae meza moja, na bima ya mali iliyo mikononi mwa mvutaji iwe sharti la kupewa leseni na sharti la kuitwa na polisi kwenye ajali. Wakati hilo likisubiriwa, wewe unayeanza usinunue gari kabla ya kuonana na wakala wa bima. Mtake akuoneshe kwa maandishi kifungu kinacholikinga gari la mteja linapopakiwa, linapovutwa na linapolala yadi, na kiwango cha juu kitakacholipwa kwa kila gari. Asipokuwa nacho, nenda kwa mwingine. Sehemu ya nne itahusu yadi: nani anaruhusiwa kulizuia gari kwa ajili ya deni, na kwa muda gani.